Mali bila Daftari: Ni Nani Anayehesabu Makinda wa Mwari?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa katika mijadala ya biashara na vyama vya akiba. Wanafunzi wa fasihi simulizi nao huiweka katika fungu la methali za uangalifu, kisha wakaendelea na nyingine. Ni nadra kuisikia pale ambapo mali yenyewe ina mbawa. Makala haya yanashikilia kwamba hapo ndipo inapohitajika zaidi, yaani katika visiwa vidogo vya Afrika Mashariki ambako ndege hutaga na kulea. Kizazi kizima cha ndege chaweza kupotea huko pasi na mtu kupata habari, ama kwa kuwa daftari halikuandikwa, ama kwa kuwa liliandikwa kwa lugha ambayo jirani wa kiota haisomi.

Huenda msomaji akashangaa kwamba hoja hii inaanzia Gatongora. Gatongora ni wadi ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, na haina kisiwa wala ziwa la kutajika. Kwa miongo mingi eneo la Ruiru lilijulikana kwa mashamba ya kahawa. Leo mashamba hayo yanakatwa vipande na kuuzwa kama ploti, na nyumba za ghorofa zinaota mahali pa mibuni. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru ukiwa na watu wapatao 239,000. Ile ya 2019 ikawakuta wapatao 490,000. Takwimu hizi zinajulikana kwa sababu binadamu wa Kenya huhesabiwa kila baada ya miaka 10. Isitoshe, karani wa sensa hatosheki na idadi ya vichwa. Huuliza umri, huuliza mama amezaa watoto wangapi na wangapi kati yao wangali hai. Serikali inafahamu kwamba kijiji chenye wazee 500 na kisicho na mtoto hata mmoja si kijiji kinachostawi, hata kama nyumba zake zimejaa. Swali ni hili: kwa nini hekima hiyo isahaulike mara tu anayehesabiwa anapokuwa ndege?

Si kweli kwamba ndege wa Kenya hawahesabiwi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa kujitolea wamekuwa wakijumuika na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na chama cha Nature Kenya kuhesabu ndege wa majini kila Januari, hasa katika maziwa ya Bonde la Ufa. Nature Kenya yenyewe imetokana na chama cha elimu ya viumbe kilichoasisiwa mwaka 1909. Hii ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, hesabu ya Januari hujibu swali moja tu: ndege wangapi wapo siku ile? Wengi miongoni mwao ni wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, nao watarejea makwao kutaga. Swali la pili, ambalo ni zito zaidi, hubaki bila jibu: kati ya ndege wanaozaliana papa hapa, ni makinda wangapi walioanguliwa mwaka huu, na wangapi waliishi hadi wakaruka?

Uzito wa swali hilo unatokana na umri. Ndege wakubwa wa majini kama mwari na heroe huishi miaka mingi. Kundi lao laweza kuonekana kubwa na la kupendeza kwa muda mrefu ilhali halileti mrithi. Mtalii atapiga picha, gazeti litachapisha, na afisa ataandika kwamba hali ni shwari. Siku wazee watakapoanza kufa, kundi litaporomoka ghafla, na kila mtu atatafuta sababu katika mwaka ule wa maporomoko ilhali sababu yenyewe ilitokea zamani, katika misimu ambayo hakuna aliyeangalia viota.

Mfano wa karibu ni Ziwa Elementaita. Ziwa hili liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar mwaka 2005, na mwaka 2011 likatangazwa na UNESCO kuwa sehemu ya Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Bogoria. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba mwari weupe hutaga na kulea katika visiwa vyake vidogo vya mawe. Mpangilio wa maisha yao ni wa ajabu. Kwa miaka mingi Elementaita lilikuwa na samaki wachache mno, kwa hivyo mzazi alilazimika kungoja jua lipashe hewa moto, apae juu ya hewa hiyo, na kwenda kuvua Ziwa Nakuru. Huko Nakuru nako samaki hawakuwapo tangu asili: walikuwa tilapia wadogo waliotolewa Ziwa Magadi na kupandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Basi mwari alilala ziwa moja na kula ziwa jingine. Mtu anayesimama ukingoni mwa Nakuru na kuhesabu mwari 1,000 hajui lolote kuhusu makinda walioachwa Elementaita.

Kisiwa chenyewe ni kinga yenye sharti gumu. Maji yakipungua, kisiwa huungana na nchi kavu, na fisi na mbweha huvuka kwa miguu hadi viotani. Maji yakizidi, mawe ya kutagia huzama. Katika muongo uliopita maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika kiasi cha kumeza barabara, shule na makazi ya watu. Ni dhahiri kwamba kipimo cha maji ni sehemu ya habari za kiota. Kwa hiyo daftari la kweli la kisiwa halina budi kuwa na safu tatu: maji yamefikia wapi, viota vina mayai mangapi, na makinda wangapi wameruka. Safu moja ikikosekana, nyingine mbili hazisemi kitu.

Hapo ndipo ugumu wa kazi unapojitokeza. Mwari huatamia kwa takriban mwezi mmoja, na kinda huanguliwa akiwa uchi, bila hata unyoya wa kumkinga. Mzazi ndiye kivuli chake. Mtu akikaribia kwa mashua, wazazi huruka wote kwa pamoja, na muda mfupi wa jua kali watosha kuwaua wachanga. Kongoti, yule korongo mkubwa mwenye upara anayejulikana sana katika majaa ya Nairobi, hana haja ya mwaliko. Hushuka na kujichukulia mayai na makinda. Mhesabu asiyejua adabu ya kiota huandika idadi ya wafu aliowaua mwenyewe.

Historia inatoa somo jingine. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa wa kilimo katika Kenya ya kikoloni na mtaalamu wa ndege, aliyaona kutoka angani mazalio ya heroe wadogo katikati ya Ziwa Natron, Tanganyika. Akajaribu kuyafikia kwa miguu. Tope la magadi lilimnasa, likamchoma miguu vibaya mno, na nusura afe; alilazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Ujasiri wake hauna shaka. Lakini funzo la safari ile ni kwamba kiota hakikuumbwa kifikiwe. Aliyetaka kujua zaidi baada yake alitazama kwa mbali, kutoka ndegeni au kwa darubini, akarudi tena na tena.

Wanafunzi wa Kiswahili wana neno la kuwasaidia kulielewa jambo hili. Mwari ni jina la ndege huyu. Mwari ni jina pia la msichana aliyevunja ungo na kutawishwa ndani ili afunzwe. Hata kama maneno haya mawili hayana asili moja, kukutana kwao kuna mafunzo. Katika jando na unyago, jamii haikumtazama mwari ovyo, wala haikumsahau. Ilimweka kando, ikamteulia kungwi wa kujua hali yake, ikahesabu siku, na ikajua ni lini hasa atatolewa nje. Mlango ulifungwa kwa wapita njia, lakini habari za ndani zilijulikana na aliyestahili kuzijua. Uangalizi wa ndege wanaotaga unahitaji adabu iyo hiyo. Kisiwa hakihitaji umati, kinahitaji kungwi.

Je, kungwi huyo awe nani? Jibu la makala haya ni kwamba awe jirani wa kisiwa, na asiachiwe mtafiti mgeni peke yake. Visiwa vya Musambwa, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, vinaonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Vinahifadhi mojawapo ya makundi makubwa zaidi barani Afrika ya shakwe wa kichwa cha kijivu wanaotaga, na mwaka 2006 viliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar pamoja na ghuba ya Sango na ardhioevu za mto Kagera. Misambwa, kwa imani ya Baganda, ni mizimu iliyofungamana na mahali, na visiwa hivi vilikuwa na miiko yake kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi. Nguvu ya miiko ilipolegea, mayai ya shakwe yakawa kitoweo cha wavuvi. Chama cha NatureUganda hakikuwafukuza wavuvi hao. Kiliketi nao, wakakubaliana kuacha kuokota mayai, na wavuvi wenyewe wakawa walinzi wa viota. Mwenye kuvunja kiota akageuka kuwa mwenye kukihesabu. Hakuna kanuni ya serikali ambayo ingeleta mageuzi hayo pasipo mazungumzo, na hakuna mazungumzo yasiyo na lugha.

Suala la lugha linadhihirika zaidi pwani ya Kenya. Kisiwa cha Kisite, karibu na Shimoni na Wasini, kimo katika hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu miaka ya 1970. Ni kipande kidogo cha matumbawe, lakini wakati wa kusi hutagiwa na aina ya buabua ambaye kifua chake huingia rangi hafifu ya waridi msimu wa kuzaana. Kisiwa cha Nyangumi karibu na Watamu nacho hupokea buabua kati ya Juni na Oktoba. Ndege hawa wana tabia ya kuhamahama: msimu mmoja hujaa kisiwa hiki, msimu unaofuata hukihama na kutaga kingine. Mtafiti anayefika mara moja na kukuta kisiwa kitupu aweza kuandika kwamba wametoweka. Mvuvi wa Wasini anayepita huko kila juma anajua walikohamia. Anajua pia walifika lini, walifukuzwa na nini, na ni nani aliyeonekana na kapu la mayai.

Lakini daftari la mvuvi huyo liko wapi? Ripoti za hifadhi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, hutumwa Nairobi, na husomwa na watu ambao hawatafika Kisite maishani mwao. Mvuvi huulizwa maswali, majibu yake hutafsiriwa, na kilichoandikwa hakirudi kwake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ikiwa urasmi huo una maana yoyote nje ya sherehe, basi fomu ya kuhesabia viota vya Kisite yapaswa kujazwa kwa Kiswahili, na matokeo yake kubandikwa kwa Kiswahili penye bandari ya mashua ya Shimoni.

Baadhi ya wataalamu watapinga kwamba Kiswahili hakina majina ya kutosha. Buabua, watasema, ni jina moja lililobeba aina nyingi, na shakwe vivyo hivyo. Pingamizi hili lina ukweli, na halifai kujibiwa kwa jazba. Jina la Kilatini litabaki kuwa kiungo cha wanasayansi wa dunia, nalo laweza kuandikwa kando ya jina la Kiswahili bila kumdhuru mtu. Hata hivyo, wanaodai kwamba majina hayapo wangefanya vyema kueleza walikoyatafuta. Kamusi sanifu haikusanyi kila neno la Kivumba, la Chifundi au la Kibajuni. Wavuvi wanaoishi kwa kusoma mwelekeo wa ndege ili wajue samaki walipo hawawezi kuwa na jina moja tu kwa kila chenye mbawa nyeupe. Jukumu la kuyasaka majina hayo ni la wanaisimu na wanafasihi, na ni jukumu la kufanyika uwandani. Istilahi zilizofinyangwa mezani, bila kumuuliza mwenye ndege, zimejaza vitabu vingi ambavyo havifunguliwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuandika mahali pa viota ni kumwelekeza mwizi. Hapa pia utamaduni wa kungwi unafaa. Si kila kilichoandikwa hutangazwa. Idadi ya makinda yaweza kubandikwa hadharani, huku jiwe walikolala likibaki siri ya wanaohesabu. Pingamizi la tatu ni la tumbo: mtu mwenye njaa hawezi kuhubiriwa kuhusu yai. Ni kweli. Lakini yai la leo lililoachwa ni ndege wa miaka mingi ijayo, na mahali ambapo wageni hulipa kuwaona ndege, haki inadai kwamba mlinzi wa kiota apate fungu lake. Pasipo fungu hilo, kuhesabu kutabaki kazi ya wenye nacho.

Manufaa ya daftari yalionekana wazi upande wa Natron. Mwaka 2007 mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya ziwa hilo ulizua mjadala mkali Tanzania na nje. Waliopinga hawakusimama na machozi tu. Walisimama na kumbukumbu zilizoonyesha kwamba takriban heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliana pale na si kwingineko. Mwaka 2008 kampuni iliyohusika ilijiondoa. Kama miaka yote iliyotangulia ingehesabiwa heroe wa Nakuru na Bogoria pekee, wenye kiwanda wangejibu kwa urahisi kwamba ndege ni wengi na maziwa ni mengi.

Basi Gatongora inahusikaje? Ni kweli kwamba haina maji ya kuzunguka kisiwa. Lakini kipande cha mibuni kilichobaki kati ya ghorofa, au ukanda wa miti kando ya mto uliobanwa na kuta za mawe, kina hali ile ile ya kisiwa: ni kidogo, kimetengwa, na ndege aliyemo hana pa kwenda kikivunjwa. Kwarara hutaga katika miti hiyo. Kwera husuka viota vyake juu ya maji ya mabwawa yaliyochimbwa kunyweshea kahawa. Na kwera humfundisha mhesabu unyenyekevu: dume husuka kiota, jike huja kukikagua, na asipokipenda hukiacha kikauke hadi dume akibomoe na kuanza upya. Mwenye kuhesabu viota 40 mtini asidhani amehesabu familia 40. Lazima arudi juma lijalo, na jingine, atazame ni viota vipi vinavyoingiwa na mzazi mwenye chakula mdomoni.

Wanafunzi wengi wa vyuo vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika wanapanga vyumba Ruiru na viunga vyake. Chama cha Kiswahili hakihitaji ruzuku ili kuanza. Kinahitaji daftari moja, kalamu, wanachama wanne wa kupokezana zamu, na bwawa moja lililochaguliwa kwa idhini ya mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, kwa umbali usiomtisha ndege, waandike kwa Kiswahili: tarehe, kimo cha maji, viota vinavyotumika, makinda walioonekana. Wawaulize wazee na vibarua wa mashamba majina ya ndege hao kwa Kiswahili na kwa Gikuyu, wayaandike yalivyotamkwa. Baada ya misimu mitatu chama kitakuwa na hazina ambayo hakuna maktaba iliyo nayo, na wanachama wake watakuwa na haki ya kuwaambia wahifadhi wa Elementaita na Kisite: fomu yenu yaweza kuandikwa hivi, nasi tumeijaribu.

Jamii inayoizunguka Gatongora haikosi sababu ya kuthamini jambo hili. Chimbuko la Agikuyu, kwa mujibu wa masimulizi yao, ni Mukurwe wa Nyagathanga huko Murang'a, na nyagathanga katika jina hilo hufasiriwa kuwa ndege mdogo aliyekaa katika mti wa mukurwe. Taifa zima lilikumbuka mti uliokuwa na ndege, likaupa mahali jina lake. Mti ambao kwera wamesukia msimu huu karibu na bwawa la Gatongora bado haujaandikwa popote, na shamba lake huenda likauzwa kabla ya mvua zijazo.